Vyerehani 40 na daftari la waliokosa

Nataka kukieleza hiki kisa chote tangu mwanzo, kwa sababu vijana wengi wanaoingia kazi za mashirika huku Uganda wanafundishwa kujaza fomu za ufuatiliaji na tathmini, yaani M&E, kupiga picha za walengwa na kuhesabu waliohudhuria, lakini swali lenyewe la tathmini hakuna mtu anawakalisha chini awaambie ni lipi. Mimi nilifundishwa na mama mshonaji kwenye baraza ya duka pale Busia, sio kwenye semina, na tangu siku ile sijawahi tena kuandika ripoti kwa namna ya zamani.

Mambo yalikuwa hivi. Shirika letu ni dogo, tuko Busia upande wa Uganda, na tulikuwa na pesa za mfadhili mmoja za kusaidia wasichana wa miaka 18 mpaka 25 walioacha shule, wengi wao wakiwa wamezaa katikati ya ile miaka ya corona. Mpango ulikuwa rahisi tu: msichana anawekwa kwa fundi wa mtaani, wawili wawili, anajifunza kukata na kushona miezi minne, akimaliza anapewa cherehani mpya ya miguu na kasanduku ka vifaa, mkasi, futi, nyuzi, sindano. Tukatangaza kupitia LC1, yaani baraza la kijiji, wakajiandikisha wasichana 94. Vyerehani vilikuwa 40. Tukawaita wote kwa interviyu, tukachukua wale tuliowaona wana bidii, na wale wengine 54 tukawaambia poleni, labda awamu ijayo. Majina yao yakabaki kwenye daftari moja la jalada la bluu na daftari likaingia kwenye droo.

Yale maswali ya mwanzo, ile tunaita besilaini, tuliuliza mwezi wa saba 2021. Kila msichana aliyejiandikisha alijaza fomu: unaishi na nani, una watoto wangapi, mwezi uliopita uliingiza shilingi ngapi. Wale 40 tuliowachagua wastani wao ulikuwa 35,000 za Uganda kwa mwezi. Mafunzo yakaanza mwezi wa nane, vyerehani vikagawiwa Desemba kabla ya Krismasi, na mwezi wa pili 2022 tukarudi kuuliza tena. Wastani ukawa 110,000. Nikaandika kwamba kipato cha walengwa kimepanda zaidi ya mara tatu ndani ya miezi saba, nikaweka picha ya msichana ameshika gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, bosi akafurahi, mfadhili akaandika barua ya pongezi, na ofisi ikaanza kuongea habari ya kupanua kazi mpaka Tororo.

Kwenye hiyo ripoti hakukuwa na uongo. Kila namba ilikuwa kwenye fomu, na fomu ziko mpaka leo. Hilo ndo jambo ambalo nataka mtu alishike, kwamba unaweza kuandika namba za kweli tupu na ripoti bado ikapotosha kila anayeisoma, hata wewe uliyeiandika.

Mwezi wa tano nikaenda kumlipa yule mama fundi salio lake la kufundisha. Anafanyia kazi barazani, karibu na pale malori yanasimama, cherehani yake ni ya zamani imechakaa rangi yote, na kila saa ana futi shingoni. Nikamwambia kwa furaha kabisa kwamba wasichana wamepanda kutoka 35,000 mpaka 110,000. Hakuacha kukanyaga. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, halafu akaniambia: "Mwanangu, mwaka jana mwezi wa saba mimi nilikuwa napata nini? Nilikuwa nashinda hapa mpaka jioni narudi mkono mtupu. Hii Januari nimeshona yunifomu mpaka vidole vikavimba. Na mimi hamkunipa cherehani."

Nikamwambia ni kweli mama. Akaendelea: "Na wale wasichana mliowaacha, nao mmewauliza? Maana mmoja anauza chapati hapo ng'ambo na yuko sawa tu."

Sikuwa na jibu.

Kwa wale hawakuwa Uganda miaka ile, hebu nieleze kwa nini maneno yake yalikuwa na uzito vile. Busia inakula kwa mpaka. Watu wanavuka, wanabeba, wanabadilisha pesa, wanapika kwa ajili ya madereva, wanauza mivumba (ng'ambo ya Kenya wanasema mitumba). Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa wasafiri, yakabaki malori ya mizigo yamepanga foleni madereva wakisubiri kupimwa, na mtu wa kawaida akabaki na njia za panya. Mambo yakalegea kidogo, halafu Juni 2021 ikaja lockdown ya pili, siku 42, hakuna kusafiri kutoka wilaya moja kwenda nyingine, masoko ya kila wiki yamesimamishwa, kafyu saa moja jioni. Sasa sisi besilaini yetu tuliichukua katikati ya hizo siku 42! Tulimuuliza mtu unapata ngapi wakati hakuna mtu Busia nzima alikuwa anapata. Halafu shule zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili, na kila mzazi aliyekuwa na mtoto alikuwa anahitaji yunifomu mpya kwa sababu mtoto aliyeingia lockdown na kaptula ya darasa la tatu ile kaptula haimpandi tena magotini. Mafundi wote walijaa kazi. Na sisi tukaenda kuuliza Februari.

Kwa hiyo tulipima kutoka chini kabisa ya shimo mpaka juu kabisa ya mlima, tukaandika kwamba ni sisi tuliowapandisha.

Swali ambalo yule mama aliniuliza kwa maneno yake, ndo swali lote la tathmini: hawa watu wangekuwa wapi leo kama sisi hatungekuja? Sio walikuwa wapi jana. Jana na leo vinatofautishwa na mambo mia, mvua, mpaka, bei ya mafuta, umri, shule kufunguliwa, na programu yako ni moja tu kati ya hayo mia. Ule upande wa pili, maisha yao bila sisi, huwezi kuuona kwa macho kwa sababu haukutokea, lazima utafute watu wanaofanana nao walioishi bila sisi. Na sisi tulikuwa nao, 54, kwa majina na namba za simu, kwenye droo. Tena kwa bahati nzuri walijaza fomu ileile siku zilezile za mwezi wa saba, wastani wao ulikuwa 31,000.

Nikamwomba bosi ruhusa ya kuwatafuta. Alisita, na namwelewa, aliona ni kuwachokoza watu kidonda: unamnyima mtu cherehani halafu unaenda kumuuliza maisha yakoje. Tukakubaliana kwamba tutawaambia wazi tangu mwanzo kuwa hatuleti kitu na hatuahidi kitu, tunataka kujua tu, na asiyetaka aachwe. Tukaajiri vijana wawili ambao hawajulikani kuwa wa kwetu, hawavai fulana za shirika, hawaendi na ile pikipiki yetu ambayo kila mtoto anaijua. Na wakaenda kwa pande zote mbili, waliopata na waliokosa, na maswali yaleyale, mwezi wa kumi 2022, mwezi ambao hauna Krismasi wala kufungua shule.

Hapo ndo nilijifunza mambo mengi kwa mara moja, mengine sikuyatafuta.

La kwanza, wale 40. Februari tulikuwa tumeongea na 31, na kwenye ripoti niliandika kwa herufi ndogo kwamba 9 hawakupatikana. Nilidhani hawakupatikana ni hawakupatikana basi. Vijana wetu waliwafuata mmoja mmoja kwa kuuliza majirani: watatu walikuwa wameuza cherehani, wawili wameolewa upande wa Kenya, mmoja cherehani imechukuliwa na shemeji yake, mmoja alikuwa anaumwa muda mrefu, na wawili tu ndo kweli hakuna aliyejua wako wapi. Yaani waliokosekana sio watu wa kubahatisha, ni walewale ambao mambo hayakwenda vizuri. Ukihesabu wanaopatikana peke yao umeshachuja matokeo yako bila kujua, kama mtu anayepima afya ya kijiji kwa kupima wanaocheza mpira.

La pili ni majibu ya adabu. Februari nilikuwa mimi mwenyewe nauliza, mimi niliyewapa cherehani. Nani ataniambia haijamsaidia? Kuna msichana mmoja aliniambia cherehani yake iko kwa fundi inatengenezwa, nikaandika "ipo". Yule kijana wetu alipofika mwezi wa kumi, hakuuliza kama ipo, alimwomba amwonyeshe nguo anayoshona sasa hivi. Akasema ukweli, alikuwa ameshaiuza hata kabla sijamuuliza Februari, mtoto alikuwa hospitali. Na sikumlaumu, hata leo simlaumu, ni mali yake na mtoto ni wake, labda ile ndo kazi bora zaidi ambayo cherehani yetu ilifanya mwaka ule wote. Lakini kwenye ripoti yangu alikuwa fundi anayepata 110,000.

Tangu hapo nikajifunza kuangalia badala ya kuuliza. Cherehani inayofanya kazi ina mafuta kwenye maungio na pamba za nyuzi chini ya kile kibati cha sindano, na gurudumu lake linang'aa pale mkono unaposhika. Isiyofanya kazi ina vumbi pale pale pa mkono, na mara nyingi imefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma na juu yake kuna thermosi. Halafu uliza nguo ambazo wateja hawajazichukua, kila fundi huku anazo, hata wawili watatu waliopima wakapotea. Fundi asiye na nguo hata moja ya mtu aliyepotea, huyo hana wateja. Na usimuulize mtu kwa mwezi unapata ngapi, hakuna anayejua, atakupa namba ya kukufurahisha. Muulize jana ulishona nini, juzi ulishona nini, ulilipwa ngapi, uzi ulinunua wapi. Siku saba anaweza kuzikumbuka.

Sasa namba. Waliopata cherehani, ukichanganya na wale waliouza na walioenda, wastani wao mwezi wa kumi ulikuwa 78,000. Waliokosa, kati ya 54 tuliwapata 46, wastani 65,000. Kwa hiyo waliopata walipanda 43,000 tangu ile lockdown na waliokosa wakapanda 34,000. Tofauti ni 9,000 kwa mwezi. Sio 75,000 kama nilivyoandika mwezi wa pili, ni 9,000, na hata hizo sijui kama ni za cherehani au ni za bidii, maana tuliwachagua kwa bidii, na mwenye bidii angepanda hata bila sisi.

Nilikaa na hesabu hiyo jioni yote ofisini. Halafu nikajumlisha tulichotumia kwa msichana mmoja, na hapa uwe mkweli, usihesabu cherehani peke yake, hesabu ada ya fundi, vitambaa vya kujifunzia, mafuta ya pikipiki, kodi ya ofisi, mshahara wangu mimi. Ilifika 1,300,000. Gawa kwa 9,000 upate miezi 144. Miaka 12 ndo pesa irudi kwa yule msichana, kama tofauti itadumu miaka 12.

Na je inadumu? Hili nilikuwa sijawahi kulifikiria, ndo nikaanza kusoma. Kuna utafiti mmoja wa hukuhuku kwetu ambao kila mtu wa mashirika Uganda angepaswa kuujua. Serikali mwaka 2008 iligawa pesa kwa vikundi vya vijana kaskazini ili wajifunze ufundi na kununua vifaa, useremala, ushonaji, kuchomelea, karibu dola 382 kwa kila mtu, ambazo zilikuwa kama kipato chao cha mwaka mzima. Vikundi vilivyofaa vilikuwa 535, pesa hazikutosha, wakapiga kura ya bahati. Wachumi Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez wakawafuata waliopata na waliokosa. Baada ya miaka minne waliopata walikuwa wanaingiza asilimia 38 zaidi ya waliokosa, na hapo watu wengi wangefunga kitabu wakatangaza ushindi. Wao wakarudi mwaka wa tisa. Tofauti ya kipato ilikuwa imeisha. Waliopata hawakurudi nyuma, waliokosa ndo walikuwa wamepanda wenyewe polepole, kwa vibarua na biashara ndogondogo, mpaka wakawafikia.

Mimi sisomi hapo kwamba zile pesa zilipotea bure. Miaka ya kula vizuri ni miaka ya kula vizuri, mtoto aliyekuwa na miaka miwili wakati ule alishiba akiwa na miaka miwili. Ila inakufundisha ulichonunua ni nini: ulimnunulia mtu kuanza mapema, hukumnunulia maisha mengine. Na pia inakwambia kitu kikubwa kuhusu waliokosa, kwamba hawakai pale ulipowaacha wakikusubiri.

Halafu kuna mambo yaliyofanyika ng'ambo tu hapo, Busia ya Kenya, mahali ninapopaona nikisimama nje ya ofisi. Kule mchumi Michael Kremer na wenzake walianza miaka ya 90 kupima misaada ya shule kwa njia hii. Walikuta vitabu vya kiada, ambavyo kila mtu angeapa vinasaidia, havikuinua wastani wa alama; viliwasaidia wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani, maana vitabu vilikuwa vya Kiingereza na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Lakini dawa ya minyoo, kitu ambacho hakina hata picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti, ilipunguza utoro kwa kama robo. Shule zilikuwa 75, na hawakumnyima mtu, waliwapa kwa zamu, kundi moja mwaka 1998, lingine mwaka uliofuata, la tatu baadaye, na wale wanaosubiri zamu ndo wakawa wa kulinganisha. Kremer alipata Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika umbali wa boda ya shilingi elfu mbili kutoka kwangu, mimi nilikuwa sijui.

Hiyo habari ya zamu ndo niliipeleka kwa bosi. Alikuwa amepata pesa za vyerehani 30 vya awamu ya pili, mwanzo wa 2023, na waliojiandikisha walikuwa 63. Nikasema tusichague. Tupige kura ya bahati hadharani, na tuwaambie waliokosa kwamba pesa ikija wao ndo wa kwanza. Tulibishana sana. Mwenyekiti wa LC1, mzee anayeheshimiwa, alisema wazi kwenye mkutano: "Mnataka kuchezesha maskini kamari? Wapeni wenye shida zaidi." Ni pingamizi la haki, sikulikwepa. Nikamwomba anitajie kati ya wale 63 nani ana shida kuliko mwenzake, akaanza, huyu yatima, huyu ana watoto watatu, yule mume amemkimbia, akafika wa nane akanyamaza. Mama mmoja nyuma akasema, afadhali bahati, maana mkichagua nyinyi tunajua wa nani watachaguliwa. Watu wakapiga makofi. Hilo sikuwa nimelifikiria, kwamba kwa watu wa kawaida kura ya wazi ni haki zaidi ya interviyu zetu za bidii.

Tukatenga watu wa mjini na wa vijijini ili kila upande upate sawa na idadi yake, tukakunja vikaratasi, tukaweka kwenye beseni ya plastiki, mtoto wa shule akachomoa. Tulimaliza kwa dakika arobaini. Waliokosa walinuna, wawili walilia, na mimi sitasema ilikuwa rahisi.

Mwaka mmoja baada ya vyerehani kugawiwa, 2024, tukauliza pande zote mbili kwa njia ile mpya, siku saba, vijana wasiojulikana, mwezi wa kawaida. Waliopata 96,000, waliokosa 79,000. Tofauti 17,000. Nilifurahi, halafu nikaangalia orodha ya mmoja mmoja na nikaona msichana mmoja ambaye peke yake anavuta wastani wote, alipata kazi ya kushona masweta ya shule nzima. Ukimtoa yeye tofauti inashuka mpaka kama 9,000. Kwa watu 30 na 33 mtu mmoja anaweza kukubadilishia habari yote, kwa hiyo niliandika zote mbili, na yeye na bila yeye, nikaandika pia kwamba kwa idadi hii hatuwezi kuapa kama tofauti ipo.

Ni vizuri kujizuia hapo, maana hata tafiti kubwa zimebadilika. Hapa Uganda vituo vya afya 50 vilifanyiwa majaribio, wanakijiji wakapewa takwimu za kituo chao na nafasi ya kuwabana wahudumu, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikapungua kwa asilimia 33. Dunia nzima ikaisifu. Miaka kadhaa baadaye watafiti wengine wakajaribu wazo linalofanana kwenye vituo 376 na vifo havikupungua. Sasa mimi na wasichana 63 nitatangaza nini?

Jambo moja lakini lilionekana hata bila hesabu kubwa, na awamu zote mbili zilisema lilelile. Wasichana walio kwenye senta, wenye baraza pa kukaa mahali watu wanapita, wanafanya kazi. Wale wa vijijini ndani huko, vyerehani vina thermosi juu. Kijijini mtu akitaka gauni anasubiri siku ya soko ananunua mivumba kwa elfu tatu, fundi hawezi kushindana na bei hiyo, anabaki na viraka na zipu. Ufundi walikuwa nao, mashine walikuwa nayo, kilichokosekana ni mteja, na mteja hayumo kwenye kasanduku ketu.

Na kuna hesabu ambayo hatukuifanya kabisa mpaka nilipopita tena kwa yule mama. Pale barabarani kwake walikuwa mafundi wanne, sasa wako tisa. Watano ni wa kwetu. Aliniambia bila hasira, "Pindo la suruali nilikuwa nachukua elfu mbili, sasa nachukua elfu moja, na bado wanapita." Shilingi ambazo mimi nahesabu kama faida kwa msichana wangu, nyingine zimetoka mfukoni mwa mwanamke aliyemfundisha. Kwenye fomu zetu zote, miaka mitatu, hakuna mstari wake.

Ripoti ya awamu ya pili niliiandika na wastani wa pande zote mbili, gharama kwa mtu mmoja, waliouza, na ukurasa mzima kuhusu vijijini na kuhusu mafundi wa zamani. Bosi aliisoma siku mbili. Akaniuliza kama najua tunaweza kupoteza pesa. Nikasema najua. Akaituma kama ilivyo, na kwa hilo nitamheshimu daima. Mfadhili alikaa miezi mitatu kimya, halafu hakuandika barua ya pongezi, aliandika maswali, mengi, moja likiwa: mkimpa msichana zile 1,300,000 mkononi achague mwenyewe, atakuwa wapi? Swali zuri. Ndo tunalolijaribu sasa, kwa kura ya beseni kama kawaida: kundi moja cherehani na mafunzo kwa walio kwenye senta tu, kundi moja pesa taslimu, kundi moja linasubiri zamu. Na wale waliokosa 2023 waliwekwa mbele ya foleni kama tulivyoahidi.

Fomu mpya ina ukurasa wa ziada wa mafundi waliokuwepo kabla yetu. Kila baada ya miezi mitatu naenda na lile daftari la jalada la bluu, nakaa barazani, namhesabia mama kazi zake za siku saba kama ninavyowahesabia wasichana. Wiki iliyopita alikuwa na suruali sita za kupunguza, gomesi (lile gauni refu la heshima la Uganda) moja ya harusi, na shati la mwanamume aliyepima mwezi wa nne hajarudi mpaka leo.